Bi Mkubwa, kipaza sauti na orka wa San Juan: uzoefu wangu

Nyota moja kwa safari ya boti ya kutazama orka kwenye visiwa vya San Juan, jimbo la Washington. Nilianza na tatu, nikafuta, nikaandika mbili, kisha nikaukumbuka mkono wa yule bwana begani kwa mama yangu, nikarudi kwenye moja. Huenda nikifika chini nikabadilisha tena, mtanisamehe.

Jina la kampuni sitaji, mume wangu kaniomba. Bei, saa za kuondoka, namna ya kufika bandari ya Anacortes, hayo mtayakuta wenyewe kwenye tovuti yao. Mimi nina habari ya mtu mmoja tu, yule anayeshika kipaza sauti.

Mama alikuwa amekuja kututembelea hapa Kent, kusini ya Seattle, majira ya joto. Ni mzaliwa wa Kizimkazi, pomboo kawaona tangu utotoni, hawamshtui. Lakini jioni moja aliona kipindi cha orka kwenye televisheni yetu, akaambiwa kwamba huyu mkubwa mweusi na mweupe ni wa ukoo uleule wa pomboo, tena ndiye mkubwa kuliko wote, na kwamba anaishi kwenye bahari iliyo karibu na nyumba ya mwanawe. Basi ikawa kila asubuhi kwenye chai: lini mtanipeleka? Mume wangu akasingizia zamu za usiku. Nikamchukua mwenyewe.

Tulifika mapema makusudi. Kwenye simu walituambia anayetangulia ndiye anayechagua, nasi tukachagua: mbele, upande wa kushoto, ukingoni kabisa. Bi Mkubwa kavaa buibui lake, juu yake koti la baridi la mume wangu lililomfika magotini, kofia ya sufu, na amri moja, kwamba nisimshike mkono. Ngalawa kaipanda kabla hajajua kuhesabu.

Tulikwenda muda mrefu hatuoni ila maji na visiwa vyenye misonobari. Kisha boti ikapunguza mwendo, watu wakaanza kunyoosha vidole, na pezi likatoka majini. La dume linaweza kufika mita 1.8. Linapanda, linapanda, ukidhani limekwisha bado linapanda. Mama akasema "Subhanallah" kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu harusi yangu.

Hapo ndipo aliposhuka yule bwana wa kipaza sauti. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, akasema bibi atajisikia vizuri zaidi ndani. Nikamwambia bibi yuko sawa. Akasema ni suala la usalama, nguo yake ndefu inaweza kunasa. Nikamwuliza inanasa wapi. Akaniambia, na tabasamu lake la kazini, tusiwacheleweshe wengine, na mkono wake uko tayari begani kwa mama, anamgeuza kama anageuza kiti. Pale tulipotoka akaingia jamaa mwenye kamera na lenzi ndefu. Na hatua chache kutoka hapo alikuwepo mzee mwenye mkongojo, rika la mama au zaidi, koti lake refu vilevile, upepo unalipiga. Huyo hakuambiwa kitu. Semeni wenyewe.

Mimi nilitaka kuwasha moto palepale. Mama akaniwahi: "Wacha, mwanangu. Tumekuja kutazama au kugombana?" Tukaingia ndani, tukakaa nyuma ya kioo kilichopigwa na chumvi mpaka kimekuwa cheupe.

Sasa sikilizeni maajabu. Hatujakaa sawasawa, spika iliyo juu ya vichwa vyetu ikaanza kusema. Sauti ileile. Na ilikuwa inasema nini? Kwamba kwa orka, bibi ndiye nguzo ya ukoo.

Naapa sikutunga. Mtu ametoka kumtoa bibi ukingoni, amepanda juu, ameshika kipaza sauti, anawaeleza watu heshima ya mabibi. Tena anaeleza vizuri! Alisema kwamba orka wakaazi wa huku, wale wanaokula samaki, mtoto hamwachi mama yake maisha yote, wa kiume wala wa kike. Dume zima la tani kadhaa huenda kukutana na majike wa makundi mengine, kisha hurudi kwa mama. Jike huacha kuzaa akifika kama miaka 40, na baada ya hapo anaweza kuishi miongo mingine, jambo ambalo katika wanyama ni nadra sana. Binadamu tunalo, na nyangumi wachache wenye meno. Wanasayansi wakajiuliza hao wazee wanabakia kwa faida gani, wakaona kwamba miaka samoni wanapoadimika ndio hasa vikongwe hutangulia mbele na wengine wakafuata, maana wao wanakumbuka samaki hupatikana wapi. Na dume aliyepita miaka 30 akifiwa na mama yake, hatari ya yeye kufa ndani ya mwaka unaofuata hupanda karibu mara 14.

"Anasema nini?" mama akaniuliza. Nikamtafsiria yote kwa meno yaliyokazana. Akatikisa kichwa, karidhika. "Basi anajua huyu." Anajua! Hilo ndilo lililonichoma. Mjinga ningemsamehe.

Niendelee na haki ya kampuni, maana nataka kuwa mkweli. Wale tuliowakuta hawakuwa wakaazi. Walikuwa kabila jingine, wanaitwa Bigg's, kwa jina la Michael Bigg, mtafiti wa Kanada aliyeanza miaka ya 1970 kuwatambua orka mmoja mmoja kwa picha, kwa alama za pezi na doa la kijivu lililo nyuma yake. Hawa hawagusi samaki. Wanakula sili, simba wa bahari na pomboo wadogo. Bahari ni moja na rangi ni moja, lakini wakaazi hawazaliani nao, lugha zao mbali, chakula chao mbali. Kuna wanasayansi waliopendekeza mwaka 2024 wahesabiwe kuwa spishi mbili kabisa.

Nahodha akazima injini na kushusha maikrofoni ya majini. Spika yetu ikawa kimya, unasikia maji tu. Bigg's wakiwinda hawasemi neno, kwa sababu sili ana masikio. Tukakaa hivyo. Kisha upande wa kulia maji yakachafuka, mkia ukapiga, ndege wakashuka, watu wa nje wakapiga kelele zao, na mimi kupitia kioo naona vivuli. Lakini wakishaua, huwa hawana tena cha kuficha. Ghafla spika ikajaa milio, miluzi inayopanda na kuvunjika, mmoja anaita na mwingine anamdakia. Waliokuwa nje upepo unavuma masikioni mwao, hawakusikia hata robo. Bi Mkubwa alikuwa chini ya spika kabisa, kafumba macho, anacheka.

Kwa hiyo ndiyo, nakubali, yeye ndiye aliyesikia vizuri kuliko boti nzima. Kampuni isije ikajisifu kwa hilo. Kubahatika ni kitu kimoja na kutendewa vizuri ni kingine.

Kurudi, simu ya upepo ikasema kundi la J liko njiani. Hao ndio wakaazi wa kusini, ambao kila mtu hapa anawajua kwa namba na majina: J, K na L, wote pamoja wamebaki 70 na kitu. Marekani iliwaweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 2005 na idadi yao haijapanda. Nahodha akageuza boti akaenda mbali nao. Watu wakaanza kunung'unika, jamaa mwenye lenzi akauliza alilipa kwa ajili ya nini. Hapa nampa nahodha nyota yake kwa mikono miwili. Sheria ya jimbo la Washington tangu Januari 2025 inataka boti ikae yadi 1,000 kutoka kwa wakaazi, zaidi ya mita 900, na sababu yake inaeleweka: wanawinda kwa mwangwi, na injini zetu zinaziba sauti hiyo. Samoni mkubwa wanayemtegemea kapungua, na wao wamekataa kujifunza kula sili, huku Bigg's wakishiba na kuongezeka kwa sababu sili wanalindwa na sheria tangu 1972.

Mama akacheka peke yake. Kwao Kizimkazi pomboo akitokeza pezi tu, boti chungu nzima zinamzingira na wageni wanajitupa majini juu yake na miwani yao. "Hawa wenzetu," akasema, "samaki wao wana serikali."

Ili kuwatuliza abiria, yule bwana akasimulia habari ya Tahlequah, jike wa kundi la J, namba J35. Mwaka 2018 alizaa binti, mtoto akafa karibu papo hapo, na mama akambeba kwa kichwa siku 17, karibu kilomita 1,600, akidondoka anamfuata chini na kumpandisha tena. Mwaka 2020 akazaa mwingine, huyo akaishi. Mwisho wa 2024 akazaa tena binti, mtoto akafa, akambeba tena. Akaeleza pia kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipopima kinyesi cha wakaazi walikuta karibu mimba 69 katika kila 100 hazifiki salama, njaa ikiwa sababu kubwa, na kwamba kinyesi chenyewe kilitafutwa na mbwa, labrado mweusi aitwaye Tucker, aliyesimama mbele ya boti akinusa. Mbwa kasimama mbele ya boti! Mama yangu kakaa ndani! Nilitafsiri hilo kwa sauti ya juu kidogo, waliokaa karibu wakageuka.

Mama hakulijali. Alikuwa na swali: siku 17 zote hizo kabeba maiti, hawindi, nani alikuwa akimlisha? Swali la mtu aliyewahi kukaa matanga. Lakini wa kuulizwa alikuwa nje, sisi ndani, na maswali yalichukuliwa kwa wale waliosimama ukingoni tu. Hiyo ndiyo hasara yangu kubwa na ndiyo sababu ya nyota moja, kama mlikuwa mnangoja niitaje.

Tulipofunga gati alisimama mlangoni kuaga watu. Nimeshapanga maneno yangu, nimeyapanga tangu kisiwa cha mwisho. Akanitazama mimi, tena, akaniuliza: "Bibi alifurahi?"

Bi Mkubwa anacho Kiingereza, cha wageni wa Kizimkazi, kifupi lakini kinachofika. Akamwambia: "Nipo hapa. Niulize mimi."

Yule bwana akawa mwekundu mpaka shingoni. Akainama, akamwomba radhi, yeye, si mimi, akamwuliza upya. Mama hakujibu kama alifurahi. Aliuliza swali lake. Na hapo, jamani, sijui nisemeje. Uso wa yule mtu ulibadilika kama taa imewashwa. Akatoa kitabu chake cha picha, kimejaa mapezi na namba na mistari ya nani kazaa nani, akakifungua juu ya pipa la taka, wakainamia wote wawili. Akamweleza kwamba wakaazi hugawana samoni: mama akikamata humkatia mwanawe, hata mwana akiwa dume zima linaloweza kujitafutia. Mama akanigeukia: "Kama kaka yako." Foleni nzima nyuma yetu inangoja kushuka na hakuna aliyeambiwa asicheleweshe wengine. Maneno yangu niliyoyapanga nimerudi nayo Kent yakiwa mazima.

Kwa hiyo nyota mbili? Mbili. Tatu kama akipewa zamu ya kukaa na abiria badala ya kusimama juu yao. Lakini mtu anayejua yote yale kuhusu vikongwe, na akahitaji kusahihishwa na kikongwe ndipo aone yuko mbele ya mtu, huyo simpi nne hata mkinibembeleza.

Mwenye kutaka ushauri: ukiwa na mzazi, uliza kabla ya kulipa kama kuna sheria ya nani asimame wapi, wakupe kwa maandishi. Au usipande boti kabisa. Chukua feri mpaka Friday Harbor, nenda Lime Kiln upande wa magharibi wa kisiwa cha San Juan, kaa juu ya miamba na chupa ya chai. Orka wakipita hupita karibu na ufuko, hapana injini, hapana spika, na hakuna wa kukuinua. Siku hizi wakaazi wanakuja kwa nadra kuliko zamani, samoni hakuna, kwa hiyo unaweza kukaa kutwa ukaona maji. Mimi nitayaona maji.

Niliwaandikia. Walijibu haraka, wanasikitika "ikiwa" mama alijisikia vibaya, na wakatuma kuponi ya punguzo kwa watu wawili, isiyotumika Jumamosi wala Jumapili. Nilitaka kuichana. Bi Mkubwa kaiwahi, kaibandika kwenye friji, na ameshampigia dada yangu Unguja kumwambia tiketi ya kurudi isogezwe mbele. Nikamwambia safari hii tunakwenda Lime Kiln. Kasema sawa, twende, kisha Jumatatu twende na kwa yule kijana, ana picha hajamaliza kumwonyesha.