Zoom H1n: kinasa sauti kwa serikali ya wanafunzi inayohifadhi kumbukumbu za viongozi wake

Kwanza tuondoe utata: Zoom hii si ile ya mikutano ya mtandaoni. Ni kampuni ya Kijapani inayotengeneza vifaa vya sauti, na H1n ni kinasa sauti chake kidogo kilichoingia sokoni mwaka 2018. Hapa kinapimwa kwa kazi moja tu: serikali ya wanafunzi inataka kurekodi viongozi wake, kabla muda wao haujaisha, wakieleza asili zao, lugha za kwao na kilichowasukuma kuwatumikia wenzao.

Kwa nini isiwe simu? Kwa ubora wa sauti peke yake, simu nzuri iliyowekwa karibu na mdomo inatosha. Tatizo la simu ni kwamba ina mwenyewe. Waziri wa habari akimaliza muda wake anaondoka nayo, na mazungumzo ya baraza zima yanaondoka naye. Kinasa sauti huandikwa kwenye daftari la mali, hukabidhiwa kwa sahihi, wala hakiiti katikati ya mahojiano. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukinunua; mengine ni nyongeza.

Mipangilio haina mambo mengi. Bonyeza kitufe cha REC FORMAT uchague WAV 48kHz/24bit; WAV ni faili la sauti kamili isiyobanwa. Saa moja ya mazungumzo hula takriban GB 1, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ya GB 32 inabeba saa 30 hivi. Usinunue kubwa zaidi ya hiyo, maana H1n hupokea microSD na microSDHC tu, mwisho GB 32. Kadi ipige fomati ndani ya kinasa sauti chenyewe, si kwenye kompyuta. MP3 inavutia kwa udogo wake, lakini huupata kwa kutupa sehemu ya sauti, na iliyotupwa hairudi, na kila ukihariri na kuhifadhi upya inapungua tena. Ya kutuma kwenye makundi itatengenezwa baadaye. Ya kuhifadhi iwe WAV.

Penye kazi ni kwenye kupima sauti, na hapa viongozi wa wanafunzi si kama wahojiwa wengine. Wamezoea jukwaa. Mtu anaanza taratibu akieleza bibi yake alivyomfundisha kuhesabu kwa lugha ya kwao. Dakika mbili baadaye amerudi kwenye kampeni, sauti imepanda, mita ya kiwango cha sauti kwenye skrini imegonga mwisho. Sauti iliyopasuka namna hiyo haina dawa. Basi usipime kwa “moja, mbili, tatu”. Mwambie atamke kaulimbiu aliyoombea kura, kwa nguvu zile zile za siku ya kujinadi, huku ukizungusha gurudumu la kiwango cha sauti mpaka vilele kwenye mita vifike karibu na -12 dB (desibeli, kipimo cha ukali wa sauti; mwisho wa mita ni 0). LIMITER, inayozuia sauti isivuke kikomo, iwashe iwe akiba. AUTO LEVEL, inayorekebisha kiwango yenyewe, iache imezimwa: mtu akinyamaza kutafuta neno, mashine hudhani sauti imefifia na kuipandisha, na mvumo wa feni unajaa pale ambapo ukimya wenyewe ulikuwa unasema kitu.

Kwa timu zinazobadilika kila mwaka, mrithi wa H1n, H1essential ya mwaka 2024, ni salama zaidi. Hurekodi kwa biti 32 za mfumo wa floti (32-bit float), haina gurudumu la kiwango cha sauti, na sauti iliyopanda ghafla inaweza kushushwa baadaye bila kupasuka. Mafaili yake ni makubwa kwa theluthi moja. Aliye na H1n tayari hana haja ya kuitupa, ila asimkabidhi mtu ambaye hajawahi kuangalia mita.

Maikrofoni mbili za H1n zimepishana kwa pembe ya nyuzi 90, nazo husikia chumba kizima. Ukiiweka mita moja kutoka kwa msemaji, utapata sauti ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Sentimita 15 hadi 25 zinatosha, ikiwa pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya “p” na “b” isiipige. Usiishike mkononi: mwili wake ni wa plastiki, na kila kidole kinachoteleza husikika. Ifunge kwenye tripodi ndogo, na chini ya tripodi weka kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu kiongozi mwenye hoja lazima atapiga meza. Ukitaka maikrofoni ya kubana kwenye nguo, tazama plagi yake. Yenye mistari 2 inaingia vizuri. Yenye mistari 3 ni ya simu, na bila adapta huenda isisikike kabisa.

Ofisi ya serikali ya wanafunzi ni chumba kibaya kuliko vyote. Mlango haufungi, kila mtu ana shida yake. Chumba chenye mapazia na rafu za vitabu ni bora. Kabla ya swali la kwanza, rekodi sekunde 30 za chumba kitupu. Ukifika kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kipande hicho ndicho cha kuifundisha kelele ya kuondoa. Punguza dB 6 hadi 12. Ukizidisha, sauti ya mtu inaanza kububujika kama iko chini ya maji.

Maswali nayo yana namna yake. “Urithi una maana gani kwako?” humpa kiongozi nafasi ya kuhutubia. “Jina lako ulipewa na nani, na lilikuwa la nani kabla yako?” humrudisha nyumbani. Kuhusu kujitolea, usimuulize anapenda uongozi kwa nini. Muulize ni kikao gani alitaka kujiuzulu na nini kilimzuia. Methali au wimbo wa kwao auseme kwanza kwa lugha yenyewe, bila kukatizwa, ndipo atafsiri.

Kabla ya kurekodi, asaini karatasi yenye machaguo matatu: wasikie wote, wasikie wa chuo pekee, au ifungwe mpaka atakaporuhusu. Mambo ya ukoo si yake peke yake, na wengi hubadili mawazo wakishasikiliza, kwa hiyo mpe nakala na wiki moja ya kuamua.

Siku hiyo hiyo faili lipewe jina lenye tarehe, cheo na namba ya mahojiano. Hifadhi nakala 3: kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye diski ya nje, na nyingine maktaba. Mkihifadhi mtandaoni pia, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya serikali ya wanafunzi, si ya katibu, la sivyo nenosiri litahitimu pamoja naye. Kwenye mfuko wa kinasa sauti weka karatasi moja ya mipangilio na betri 2 za AAA za akiba. Zilizomo ndani zitolewe kabla ya likizo ndefu, maana betri za alkali zikivuja hula vyuma vya mguso, na timu mpya itapokea kifaa kisichowaka.