Pampu ya maji iliyoniunguzia pesa Lanet, na muuzaji aliyenijibu kwa kiburi

Sijui kama nilaumu pampu au duka, lakini pesa zangu zimekwenda na hasira haijapoa. Kabla ya masika nilikwenda katika duka moja mjini Nakuru kutafuta pampu ya kuleta maji nyumbani na kwenye bustani yangu ya sukuma wiki, hapa Lanet. Nilimweleza muuzaji waziwazi kwamba maji ya kisima changu yako mita 11 chini. Alinionyesha pampu ya stima ya kuwekwa juu ya ardhi, akagonga kwa kidole nambari 35 iliyochapishwa kubwa kwenye katoni, akasema, “Mama, hii inatoa maji mita thelathini na tano, hiyo yako ni kidogo sana.”

Fundi aliifunga, akaijaza maji pamoja na bomba la kuvutia kama inavyotakiwa, akaiwasha. Ilinguruma tu. Mpira wa bustani ulitema matone machache yenye povu ukanyamaza, na punde pampu ikawa moto usioshikika, maji yakadondoka kwenye shafti, ule mhimili unaozunguka, kwa sababu sili inayozuia maji yasivuje hapo ilikuwa imeungua.

Zile mita 35 ni za kusukuma maji kwenda juu, si za kuyavuta kutoka chini. Pampu ya aina hii huondoa hewa bombani, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyapandisha maji. Kule pwani hayawezi kupanda zaidi ya mita 10 hivi. Nakuru, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kikomo ni kama 8, na ukiondoa msuguano wa bomba unabaki na 6 hivi. Mimi nilihitaji pampu ya kuzamishwa kisimani, na zilikuwa zimepangwa rafuni nyuma ya muuzaji yule!

Nilipoirudisha, kijana yule hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. “Mama, kisima yako ndiyo iko na shida. Pampu ikiungua bila maji hakuna waranti.” Alisema hivyo mbele ya wateja, mtu niliyemtajia kina cha kisima kwa kinywa changu.

Baada ya kutiwa sili mpya, pampu hiyo inapandisha maji ya mfereji kutoka tangi la chini hadi la juu ya paa vizuri sana, na kwa kazi hiyo ningeisifu. Lakini kila nikiiona katoni ile ninakataa, kwa kuwa waliotengeneza nao wameficha kina cha kuvuta kwa herufi ndogo ubavuni. Mwenye maji mita 4 au 5 chini anaweza kuinunua, ila anunue kwingine. Duka lile sitalikanyaga tena isipokuwa siku ya kudai gharama ya sili, na risiti ninayo.