Kamera ya Kwanza kwa Mpenda Picha: Machaguo Matano, Kuanzia Bora Hadi Hafifu

Mtu anayetaka kupiga picha kwa kujifurahisha, bila nia ya kutafuta kazi za harusi wala kipaimara, mara nyingi huanza kwa kuulizia bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, akainunua kwa karibu fedha zote alizo nazo, kisha akapokea lenzi yoyote inayokuja nayo. Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio huo: chagua lenzi kwanza, halafu tafuta bodi ya mtumba inayoendana nayo. Bodi hupitwa na wakati baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri inaweza kuhamia bodi ya pili na ya tatu. Machaguo yafuatayo nimeyapanga hasa kwa kipimo kimoja, yaani picha zitakavyokuwa jioni, ndani ya nyumba, kwa bajeti ya kawaida, kwa sababu mchana kweupe hata simu ya mkononi hutoa picha ya kuridhisha.

Sababu ya kutanguliza lenzi ni hesabu ya mwanga. Zumu ya 18–55mm inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei ya chini, ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga hufunguka hadi f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa zaidi), ilhali lenzi ya 50mm isiyo na zumu, yenye f/1.8, hupitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Sebuleni penye taa moja, pale ambapo zumu italazimisha shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ibaki wazi kwa sehemu ya kumi ya sekunde na mtoto anayecheza atoke kama moshi, lenzi hiyo ya pili itaruhusu takriban sehemu ya mia moja ya sekunde, na sura ya mtoto itaonekana.

Nafasi ya kwanza ninaipa kamera ya DSLR (ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani) ya mtumba ya daraja la kati, pamoja na lenzi moja isiyo na zumu. Nikon D7000 ya mwaka 2010 na D7100 ya mwaka 2013, au Canon 60D na 70D za miaka hiyohiyo, zilitengenezwa kwa watu wenye uzoefu kiasi, kwa hiyo zina magurudumu mawili ya kurekebishia mipangilio, skrini ndogo ya taarifa juu ya bodi, na betri ambazo zilitumika pia katika kamera kubwa za kampuni hizo, jambo linalofanya zisiadimike madukani. Kati ya hizo, mimi ningechukua D7000 pamoja na lenzi ya Nikon ya 35mm f/1.8G. Sensa za kamera hizi, yaani vipande vinavyopokea picha mahali pa filamu, ni ndogo kuliko fremu ya filamu, hivyo 35mm huona upana unaokaribia ule wa 50mm kwenye filamu, na upana huo unatosha chumbani, mezani na barazani. Kwa upande wa Canon, lenzi ya 50mm f/1.8 STM ni bora na bei yake ni nafuu, lakini kwenye 60D huona kama lenzi ya 80mm, yaani eneo jembamba zaidi: ni nzuri mno kwa sura za watu, ila katika sebule ndogo utajikuta mgongo umegota ukutani kabla familia yote haijaingia kwenye picha.

Nikon, hata hivyo, ina mtego mmoja ambao mnunuzi anapaswa kuufahamu kabla hajatoa fedha. Kamera zake ndogo, yaani D40, D60 na zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya kufokasi ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zitafunga vizuri, zitapiga picha, lakini utazizungusha kwa mkono ili kufokasi. Ukimuuliza muuzaji, atakujibu kwamba lenzi inaingia, na kweli inaingia. Lenzi zilizoandikwa AF-S zina mota yake ndani na hazina tatizo hilo. Canon iliepuka usumbufu huu tangu mwaka 1987 ilipoweka mota ndani ya lenzi zake za EF. Tahadhari iliyobaki ni kwamba lenzi za EF-S, zilizoundwa kwa sensa ndogo, hazifungi kwenye bodi za Canon zenye sensa kubwa kama 5D na 6D.

Nafasi ya pili ni ya kamera zisizo na kioo ndani, na mfano wake mzuri sokoni ni Sony a6000 ya mwaka 2014. Ni ndogo, nyepesi, na inabebeka bila kuvuta macho ya watu kituo cha mabasi, sifa ambayo kwa mpigaji wa mitaani ni kubwa kuliko megapikseli. Inapokea pia, kwa kutumia adapta, karibu lenzi yoyote ya kamera za zamani za filamu, na wakati wa kufokasi kwa mkono huonyesha kwa rangi sehemu zilizo kwenye fokasi. Nimeiweka ya pili kwa sababu lenzi zake zenye tundu kubwa huwa na bei ya juu zaidi, betri yake huisha upesi kiasi kwamba ya akiba ni ya lazima, na sensa hubaki wazi kila unapobadilisha lenzi, hali inayoikaribisha vumbi.

Nafasi ya tatu ni kamera ya filamu, na najua wapo watakaoshangaa kuikuta juu ya kamera mpya ya dijitali. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, haina programu ya kuharibika wala skrini ya kupasuka. Betri yake ndogo huendesha mita ya mwanga peke yake, na ikiisha kamera bado inapiga. Mita hiyo haina swichi, hivyo anayeitaka betri idumu hufunika lenzi kwa kifuniko chake kila anapomaliza. Canon AE-1, maarufu zaidi na kwa kawaida ghali zaidi, shata yake hutegemea umeme, kwa hiyo bila betri ya volti 6 haifanyi lolote, na Olympus OM-1 iliundwa kwa betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena. Gharama halisi, hata hivyo, iko kwenye mkanda: picha 36, kisha kusafisha, kisha kuskani. Studio zilizokuwa zikisafisha mikanda katika kila mtaa wa miji yetu sasa zinachapa picha kutoka kwenye simu, hivyo tafuta kwanza atakayekusafishia ndipo ununue kamera. Anayetumia mkanda mweusi na mweupe, kama Ilford HP5 Plus, anaweza kusafisha mwenyewe nyumbani. Joto la kawaida la dawa ni nyuzi 20 za Selsiasi, na kwa kuwa maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa huwa na joto zaidi ya hapo, beseni la barafu ni sehemu ya vifaa.

Ya nne ni kamera mpya ya bei ya chini na zumu yake. Faida yake ni dhamana, nayo ina maana tu iwapo inatekelezwa katika nchi uliyonunulia. Canon 4000D ya mwaka 2018 ni mfano wa jinsi bei inavyopunguzwa: sehemu ya kufungia lenzi ni ya plastiki, na hakuna kirekebishi cha macho kwenye kitundu cha kutazamia, jambo linalomsumbua anayevaa miwani.

Ya mwisho ni kamera yenye zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi, kama Nikon P900. Zumu yake ya mara 83 humvuta ndege aliye mbali hadi ukamhesabu manyoya, alimradi jua liko juu. Jioni inashindwa, kwani sensa yake ina eneo lisilofikia hata sehemu ya kumi ya sensa ya D7000.

Chaguo lolote la mtumba lichunguzwe mezani, iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue. Toa lenzi kwenye bodi, fungua tundu lake lote, kisha mulika tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, ukiigeuza polepole. Vumbi kidogo halina madhara. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni fangasi, ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizokaa pwani, na hata fundi akiusafisha huenda umeshaula mpako wa kioo. Lenzi hiyo iache. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 na uikuze kwenye skrini: madoa yanayobaki palepale katika kila picha ni uchafu wa sensa, ambao husafishika na ni sababu halali ya kupunguziwa bei. Idadi ya mapigo ya shata, kwa Nikon, husomeka ndani ya faili ya picha kwa programu ya bure. D7000 ilijaribiwa kwa mapigo 150,000, hivyo iliyopiga 40,000 bado ina maisha.

Fedha iliyobaki inunue betri ya pili na kadi ya memori ya dukani kwa mtu unayeweza kumrudia, kwa sababu kadi bandia huandikwa ukubwa isiokuwa nao: ijaze picha hadi mwisho siku hiyohiyo, uzifungue zote kwenye kompyuta, na kama za mwisho hazifunguki, irudishe na risiti yake.