Leso za harusi: Biashara Street mimi siibadilishi

Siku hizi ukisema shopping ya maana Mombasa watu wanakutajia moli za Nyali, na wazee wetu wao ilikua ni Kilindini Road, hii Moi Avenue ya pembe za ndovu. Sawa, lakini kama una harusi nyumbani na unataka leso, yaani kanga, za kupeleka kwa wakwe, shuka Posta ufate Digo Road hadi Biashara Street, wallahi hutajuta.

Nilienda kununua za mdogo wangu anayeolewa. Duka la kwanza nililoingia ni la Kaderdina Hajee Essak, wako hapo Mombasa tangu 1887, na ile leso ukiona imeandikwa Mali ya Abdulla kwenye ukingo basi ndio yao hiyo, bibi zetu walikua hawataki nyengine na inasemekana ni wao walioanza kutia maneno kwenye leso. Kilichonifurahisha ni kua muuzaji hakuniuliza nataka rangi gani, aliuliza nampelekea nani, manake leso ya mama mkwe haiwi na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, la mafumbo, hapo unatafuta jina la dua na shukrani, ya shoga ndio unaweza kumrushia maneno kidogo. Akanifungulia doti, yaani leso mbili za pamoja, moja moja nikasoma yote bila kuharakishwa, moli gani watakufanyia hivyo?

Cha muhimu angalia pamba. Ishike, iinue kwenye mwanga, ile nyepesi yenye wanga mwingi ikifuliwa inalegea yote, bora uongeze hela uchukue nzito. Angalia pia pindo, ule mchoro wa pembeni, limelingana pande zote na mji, ule mchoro wa ndani, uko katikati sawasawa, kwa sababu kuna zilizochapwa zikaenda upande na ukikata utaona aibu.

Ukishanunua usiondoke nazo hivyo, doti inakuja ni kitambaa kimoja, mafundi wapo hapo hapo barazani na cherehani zao wanakata na kupinda pembeni ukingoja. Wangu alikua mzee mmoja mpole, mshono umenyooka mashaallah.

Bei bargain kwa adabu, ukichukua doti nyingi wanapunguza wenyewe. Ijumaa mchana usiende maduka mengi yanafunga kwa sala, na kumi la mwisho la Ramadhani kama huna nguvu za kusukumana nenda asubuhi mapema.