Mpambaji wetu wa harusi hapa Tanga: nilicholipia na nilichokikuta ukumbini

Nampa nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu ni ya vijana wake wawili waliokuwa juu ya ngazi tangu saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi bila kutia kitu mdomoni. Jina lake nalihifadhi. Tanga ni mji mdogo, kesho keshokutwa tutagongana Soko la Mgandini, na isitoshe si mtu mbaya. Ni mtu anayesema "inawezekana, dada" kabla hujamaliza kuuliza.

Harusi ilikuwa ya mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu, Jumamosi ya katikati ya Mfungo Mosi. Ramadhani ikiisha tu kila nyumba yenye mwali ina harusi, kwa hiyo wapambaji wanaosifiwa wanakamatwa tangu Rajabu. Sisi tulianza kutafuta Shabani inakaribia kuisha. Kamati ikanitwisha mimi mapambo kwa sababu eti ndiye ninayeshinda kwenye simu.

Nikampata Instagram. Picha yenyewe ilinimaliza: ukuta mzima wa shifoni nyeupe, mawaridi yanamwagika kutoka juu mpaka chini, viti viwili vya dhahabu katikati. Nikamuuliza, "Hii kazi ni yako?" Akajibu, "Yetu kabisa, dada." Nikalipa. Wiki mbili baadaye, usiku sina usingizi, nikaikuza ile picha kwa vidole, ndipo nikaiona soketi ya ukutani pembeni ya jukwaa. Ina matundu mawili ya duara. Sasa niambieni, Tanga hii ni ukumbi gani una soketi ya matundu mawili ya duara? Zetu ni tatu, za pembe. Nikampigia. Akacheka: "Aa, dada, ile ni sampuli tu."

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na una harusi mbele yako, usiombe picha, omba video. Video iliyopigwa kutoka mlangoni mpaka jukwaani bila kukatwa, sauti za watu zinasikika. Mwenye kazi yake haikosi simuni. Mimi nilikuwa nimeshachelewa, asilimia 70 ya pesa ilishakwenda. Ningekuwa na akili ningetoa thelathini ya kushikia tarehe, arobaini vitu vikishashushwa ukumbini nikavihesabu, na iliyobaki watu wakishaondoka.

Pakiji ilikuwa shilingi 2,200,000. Ndani yake jukwaa, meza na vitambaa vyake, maua mabichi, zulia la njiani, taa, na tao la kupigia picha ufukweni Raskazone. Ambavyo havikuwemo niliambiwa baadaye kimoja kimoja, kama mtu anayekutoa meno: usafiri wa vitu kwenda na kurudi, posho ya vijana, amana ya vyombo vya maua visije vikavunjwa, na nyongeza kwa kila saa ikipita saa sita usiku. Vyote vikafika laki tatu na ushei. Sisemi ni wizi. Kuuliza "na nini hakimo?" ilikuwa kazi yangu, na sikuuliza.

Nije kwenye meza, maana hapa nilimshinda. Wageni 280, yeye akaandika meza 28 za watu kumi kumi, hesabu ya darasa la tatu. Nikaazima futi kwa fundi ujenzi nikaenda ukumbini. Urefu mita 22, upana mita 13. Meza ya duara ya watu kumi ina upana wa mita 1.8 hivi. Ukizungushia viti, mtu akavuta kiti chake kuinuka, na mhudumu akapita na sinia la pilau, inakula mita tatu kwa tatu. Kwenye upana zinaingia meza nne na inabaki mita moja ya kupita bibi harusi. Kwenye urefu, ukishatoa jukwaa na nafasi ya kuchezea, zinabaki safu sita. Nne mara sita ni ishirini na nne. Nilipomwonyesha akasema tutabananisha. Kubananisha wanawake wa Tanga usiku wa harusi, na yale magauni, na watoto mapajani? Tukakubaliana meza 24 na viti 40 barazani kwa wasichana. Ndio walioburudika kuliko wote, maana kule kulikuwa na upepo na hakukuwa na shangazi wa kuwatazama.

Kwenye maua ndipo pesa yangu ilipolia. Mawaridi yaliagizwa Arusha, yakaja na basi siku ya Ijumaa, zaidi ya kilomita 400 kupitia Segera, yamo kwenye boksi. Yalifika mazima, bado yamefumba. Vijana wakayatia kwenye ndoo za maji stoo kwetu, na walifanya kama inavyotakiwa: wakakata vikonyo mshazari, wakachambua majani ya chini yasiozee majini. Ila stoo ile ndiyo tuliyohifadhi mikungu minne ya ndizi mbivu za wageni. Ndizi ikiiva hutoa hewa inayoivisha jirani yake, ndiyo sababu tunazifunika gunia. Hewa hiyohiyo huyazeesha maua. Jumamosi asubuhi tulipofungua mlango sakafu nzima ni nyekundu, na mawaridi mengine ukiyagusa tu yanabaki kikonyo. Tuna msemo wetu hapa mjini, waja leo waondoka leo. Haya ya Arusha yaliutii. Kama nusu ndiyo iliyosalimika, tukayapeleka yote meza kuu.

Lawama tunagawana. Sisi hatukujua, lakini yeye aliyelipwa kwa maua alipaswa kutupa jicho kuona yanalala na nani.

Kilichoniokoa ni asumini, ambazo hazikuwa kwenye pakiji kabisa. Mama alimwagiza bibi mmoja wa Msambweni anayetunga vikuba, asumini na mrehani, kwa shilingi elfu tisini tu. Vitumba vilichumwa alasiri vikiwa vimefumba, vikaja ndani ya kitambaa kibichi, na akina mama wadogo wakakaa juu ya jamvi na sinia katikati wakamalizia kutunga huku wanamsema mtu. Uzuri wa asumini ni kwamba zinafunguka zenyewe usiku. Saa mbili watu wanaingia ukumbini, nazo ndiyo kwanza zinafunguka. Tukaweka kishada kimoja kila meza, juu ya kisahani, basi. Kesho yake asubuhi zimeshanyauka na kugeuka kahawia, lakini kesho yake asubuhi nani ana haja nazo?

Saa tisa mchana wa Jumamosi, nipo kwa mpiga hina, simu inaita. "Dada, njoo, kuna jambo." Mtu akikuambia kuna jambo na hataki kulitaja, panda bajaji.

Nafika, ule ukuta wa shifoni una mita nne. Jukwaa lina mita saba. Na hata hizo nne walizipata kwa kuukaza mno mpaka mikunjo ikaisha, ukawa kama shuka kwenye kamba. Shifoni ikitakiwa ianguke na mikunjo mizuri, kitambaa kiwe upana mara mbili ya ukuta: jukwaa la mita saba linataka mita kumi na nne za upana. Pembeni kulia kinaonekana kisanduku cha umeme, kushoto alama ya maji ya mvua iliyoshuka kutoka kwenye paa. Nikamwambia nilikupa vipimo kwa maandishi. Akaniambia kitambaa kingine kipo kwenye harusi nyingine Pongwe. Yaani siku moja harusi mbili na ukuta mmoja wa kugawana! Hili ndilo sijalisamehe. Mwulize mpambaji wako siku hiyo ana kazi ngapi, na jibu lake liandikwe.

Nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa nikashika kichwa. Shangazi yetu, ambaye alikuja kuhakikisha tu kwamba kiti chake kipo mbele, akasimama akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Nyie mnahangaikia nini na visutu vipo?"

Kisutu, kwa wasio wa pwani, ni kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi zetu waliitia kwenye sanduku la kila mwali. Kila mama mtu mzima wa ukoo wetu anayo, na hakuna anayeivaa, imelala tu chini ya nguo nyingine inanukia udi. Bodaboda wawili wakatumwa, mmoja Ngamiani barabara ya kumi na mbili, mwingine Makorora. Nusu saa tuna doti tisa. Kanga moja ina upana wa mita moja na nusu na kimo cha mita moja na kidogo. Kila upande ulibaki wazi mita moja na nusu, na ukuta una kimo cha mita tatu. Kwa hiyo vipande vitatu kila upande, kimoja chini ya kingine, vingetosha vikitandazwa. Lakini tulishajifunza kwa shifoni. Tukaweka mara mbili ili vipate mikunjo, vipande kumi na viwili, yaani doti sita. Tukaviunganisha kwa uzi wa mkono, mishono mikubwa ya kufumua, maana pini za wale vijana zilikwishaacha tundu kwenye kisutu cha mama mdogo na makelele yake yalisikika mpaka barabarani. Upande wa kushoto ulienda mshazari kidogo. Kwenye picha unaonekana, nimeshauzoea.

Wakati huohuo kundi la picha liko Raskazone. Nikahi ilikuwa baada ya alasiri, kisha maharusi wapigwe picha chini ya tao mchangani. Mchanga upi? Siku zile mwezi umejaa, ndiyo bamvua, maji ya kujaa na kupwa sana, na maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi, kumi na nusu hivi, saa ileile kila bibi harusi anataka jua la jioni. Mvuvi yeyote wa Sahare angetuambia bure. Tao liliwekwa saa nane pakiwa pakavu, saa kumi na robo miguu yake imo majini na kitambaa kimeloa mpaka magotini. Wakalihamishia juu kwenye ngazi za ukuta wa bahari, na niseme haki, picha za kwenye ngazi ni nzuri kuliko tulivyopanga. Lakini kama mnataka mchanga, tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kuchapa kadi. Siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, au ya ishirini na moja, ishirini na mbili, ni maji mafu, yasiyojaa sana, na jioni ufuo unakuwepo.

Mvua? Ilikuwa masika, ilinyesha, tuliweka turubai mlangoni na magunia ya kufutia miguu. Chakula hakikuwa mikononi mwake. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ya ukumbi ikawaka.

Taa ndiyo kazi aliyoifanya vizuri, ingawa nayo ilianza vibaya. Alipowasha alikuwa ameweka zambarau kila kona, kama steji ya singeli. Mdogo wangu gauni lake la kwanza ni la kijani lenye nyuzi za dhahabu. Tukamsimamisha jukwaani kwa majaribio: gauni limekuwa jeusi! Taa ya zambarau ni nyekundu na bluu, haina kijani ndani, kwa hiyo kitambaa cha kijani hakina rangi ya kurudisha. Hina nayo mikononi ikawa kama masizi. Nikamwambia aweke nyeupe ya joto, ile inayokaribia njano, aelekeze mbili usoni kutoka pembeni na si kutoka juu, na zambarau azipeleke dari ya nyuma. Hakubisha, dakika kumi akawa amemaliza, na akakaa mwenyewe kwenye kile kibodi chake cha taa mpaka saa sita. Bibi harusi alipoingia alizififisha za ukumbi wote pole pole zikabaki za njiani tu. Hilo hakuambiwa na mtu.

Ndiyo maana nikiulizwa kama ningempa kazi tena, jibu langu limegawanyika. Taa na meza, ndiyo, hata kesho. Vitambaa mpaka nivione na nivipime kwa mkono wangu. Maua sitampa mtu yeyote, nitatafuta asumini mwenyewe.

Amana ya vyombo ilikuwa elfu sitini, akarudisha arobaini na tano baada ya kuhesabu vyombo viwili vilivyopasuka, sawa. Nilimdai punguzo kwa ule ukuta, tukavutana wiki nzima, akanirudishia laki mbili na nusu kwa mafungu matatu. Visutu vilivyotundikwa ni vipande kumi na viwili, vilivyorudi ni kumi na kimoja. Yeye anaapa kwenye gari lake hakimo. Shangazi ameshakwenda ofisini kwake mara mbili, na safari ya pili alikuta ukumbi wa mfano umepambwa dukani, pembeni ya shifoni kuna kisutu kimetundikwa. Ameambiwa si hicho. Wiki ijayo anakwenda na mama mdogo, wakatafute lile tundu la pini.