TAHADHARI: Mabaki ya "sufu halisi" yanayouzwa kwa kilo, nje sufu, ndani plastiki

Wafumaji wenzangu, hasa mnaotengeneza zawadi ndogondogo kwa mabaki ya uzi: kuna muuzaji anayepita kwenye makundi ya WhatsApp akitangaza "mabaki ya sufu halisi kutoka Nanyuki" kwa kilo. Mimi ameshanitapeli. Nanyuki, kule Kenya, wapo kweli wanawake wanaosokota sufu kwa mkono, na jina la mji huo ndilo analolifanya chambo.

Nilimtumia shilingi 45,000 kwa simu, mzigo ukafika Arusha kwa basi kesho yake. Nilipima kabla ya kuanza kazi. Nilichukua ncha mbili za uzi, nikazilowesha, nikazisugua viganjani mpaka zikapata joto, zikashikana zikawa uzi mmoja. Sufu ya kondoo ndivyo ilivyo: kila unywele una magamba madogo sana, na ukikutana na maji, joto na msuguano, magamba hunasana yasiachiane tena. Nikaridhika, nikaanza kufuma twiga 12 wa watoto wa darasa la awali la binti yangu.

Twiga wa namna hii unamfuma mkubwa kuliko unavyomtaka, kisha unamsugua kwa maji moto na sabuni ya mche mpaka anywee, akaze, na vitanzi vipotee. Wa kwanza alinywea kichwa na shingo. Tumbo likabaki limelegea kama soksi kuukuu. Nilisugua karibu saa nzima, vidole vikababuka. Ndipo nikalifungua donge lenyewe: mita chache za nje ni sufu, halafu fundo, na kuanzia hapo hadi katikati ni akriliki, uzi wa plastiki. Madonge 9 kati ya 14 yalikuwa hivyo. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu amekaa chini akaviringisha nyuzi moja baada ya nyingine, akijua tutapima ncha ya nje.

Nilipomwandikia alidai maji yangu hayakuwa moto. Nilipomtumia picha ya fundo, akanifungia namba.

Akriliki ina kazi yake, kofia ya mtoto inafaa sana. Ila ni plastiki, haigandamani hata uisugue usiku kucha. Na tusimwonee mtu: ipo sufu halisi iliyotiwa dawa ili ifuliwe kwa mashine, nayo haigandamani. Kwa hiyo maliza ubishi kwa moto. Kata kipande kutoka KATIKATI ya donge, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huendelea kuwaka, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Usikishike kwa mkono, tone lake linaunguza na kuganda kwenye ngozi.

Muuzaji akikataa kukata katikati mbele yako, au kukutumia video akikata, usilipe.

Twiga nimewaanza upya kwa sweta la mitumba nililolifumua. Tafuta lebo ya ndani iliyoandikwa WOOL, LAINE, WOLLE au LANA, na asilimia iwe 100. Wanne wameshakaza vizuri, wamebaki wanane.