TAHADHARI: "Mawakala wa hakimiliki" wanaozunguka studio za Mwanza

Wasanii, maprodyuza na viongozi wa vikundi vya ngoma kuanzia Kirumba na Mabatini hadi Igoma na Buzuruga, kaeni macho. Kuna watu wanapita studio kwa studio wakijiita mawakala wa hakimiliki. Kauli yao ni moja: wimbo usiosajiliwa hauna mwenyewe. Kisha wanataka laki na nusu, cheti kitoke siku hiyohiyo, na pesa itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Ni uongo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki ni yako tangu unapoitunga kazi, uwe na cheti au usiwe nacho. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili wa COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, una faida yake, ni ushahidi mzuri mkifikishana mahakamani, lakini malipo ya serikali hupitia namba ya malipo inayotolewa na mfumo, siyo simu ya mtu. Na anayekuuzia cheti cha "wazo la wimbo" mwache aende zake. Wazo tupu halina hakimiliki.

Laki na nusu inauma, ila hasara yenyewe iko kwenye karatasi ya pili, ile inayobanwa nyuma ya "fomu ya usajili" na kusainiwa harakaharaka. Tafuta maneno kama "nakabidhi haki zote za kazi zilizopo na zijazo, dunia nzima, bila kikomo". Ukisaini hapo hujasajili chochote, umeuza. Kuhamisha haki za kiuchumi, yaani haki za kuingiza pesa kwa kazi yako, kunahitaji maandishi na sahihi, ndiyo maana wanaing'ang'ania sahihi yako kuliko hata hiyo pesa. Halafu wanaomba faili la WAV, yaani rekodi halisi ya wimbo, "kwa ajili ya kumbukumbu". Wakilipata wanalipandisha kwa wasambazaji wa muziki mtandaoni kwa jina lao na kuliingiza Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wimbo na kumpa mapato aliyeusajili humo. Video yako mwenyewe inadaiwa kuwa na wimbo wao, mapato yanakwenda kwao. Unachobaki nacho ni haki ya kimaadili, yaani kutajwa kuwa mtunzi, ambayo haihamishiki ukiwa hai. Haijazi tumbo.

Vikundi vya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, wanadanganywa kwamba nyimbo za jadi zisajiliwe kwa jina la kiongozi. Nyimbo za mababu ni za jamii. Mpangilio wenu mpya na rekodi yenu ndiyo yenu.

Jina la kisanii nalo lina mtego wake: wanakusajilia jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kukwambia umelindwa. Ulinzi wa jina ni alama ya biashara (trademark), siyo jina la biashara, nayo inadumu miaka 7 kisha huhuishwa kila miaka 10.

Kama umeshasaini, usifute meseji wala risiti za miamala. Meseji ya kitapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, toa taarifa polisi, na mtafute wakili aandike barua ya kupinga mkataba. Prodyuza akutunzie faili za awali zenye tarehe. Dai likitokea YouTube, lipinge ndani ya siku 5 ili mapato yashikiliwe tangu siku ya kwanza ya dai. Mdai ana siku 30 za kujibu, asipojibu dai linafutika.